Spika ya Tano

Kasoro ilianzia jikoni, tena mchana kweupe. Kaswida ikiimbwa sebuleni, spika ya jikoni ilichelewa neno moja nyuma yake, kama mtoto wa chuoni anayemfuatisha mwalimu. Mwanamvita, mikono imejaa unga wa chapati, alicheka peke yake. Kesho yake hakucheka. Spika ile sasa ilitangulia. Iliimba ubeti ambao sebuleni ulikuwa haujafikiwa, na aliyeuimba alikuwa mwanamke mmoja, kikongwe, mwenye kikohozi.

Kikohozi kile Mwanamvita alikijua, maana alikiuguza miaka miwili. Alinawa haraka, akampigia fundi.

Spika zilikuwa nne, hazina waya, zimeletwa na mumewe, Abdulswamad, mwenye malori yanayovuka mpaka kwenda Zambia. Alitaka nyumba yake ya pale Mpemba, mji wa karibu na mpaka, iimbe kila chumba. Lakini ruta ilikuwa mbele, kuta ni za tofali nene, na spika za nyuma zikawa zinakatakata. Wiki iliyopita fundi Danford, kijana wa Iyula, alizunguka nyumba nzima na simu mkononi akihesabu vijiti vya mtandao. Akasema ekstenda, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mtandao, ikae katikati, pale mtandao ungali na nguvu. Ukiiweka mbali itaokota unyonge na kusambaza unyonge.

Katikati ya nyumba ile palikuwa na chumba chenye kufuli.

Kilikuwa chumba cha marehemu Bi Tatu, mama mkwe. Alitoka Pangani akiwa na ruhani wa ukoo kichwani. Kila Alhamisi alifukiza udi kwenye chetezo, akaweka sahani ya halua, na ruhani akamkalia, akasema yake, akaenda zake. Bi Tatu alipofariki, ruhani alibaki hana kiti. Mganga aliyeitwa kutoka Tanga alimfunga mle chumbani, akapindua chetezo nyuma ya mlango na kuonya kwamba kikisimamishwa, ruhani atatoka kutafuta kiti kingine katika damu ya Bi Tatu. Na damu hiyo, ukimwacha Abdulswamad aliyekuwa safarini siku zote, ilibaki kwa mtu mmoja tu: Mariam, binti yao wa miaka tisa.

Kwa nini basi Mwanamvita alitoa ufunguo? Aibu. Angemwambiaje kijana wa kilokole kwamba nyumba ya tajiri imefuga jini? Mji mzima ungejua kabla ya magharibi. Akanyamaza, na mficha uchi hazai. Danford alipotafuta soketi nyuma ya mlango alikuta chetezo kimepinduka, akakisimamisha vizuri, kama mtu aliyelelewa.

Alasiri ya siku aliyopigiwa simu, Danford alifika na pikipiki yake, akaamkia, akafungua simu.

"Mama Mariam, mlinunua spika ngapi?"

"Nne."

"Mbona hapa naona tano? Sebule, baraza, chumbani, jikoni. Hii ya tano haina jina."

"Labda ya jirani."

"Ya jirani ingekuwa na kijiti kimoja, mama. Hii ina vitatu."

Wakaifuata, fundi mbele na Mwanamvita nyuma, kanga kaibana mdomoni. Kwenye chumba cha Bi Tatu vijiti vilipungua. Kwenye korido vikaongezeka. Walipotokea mlango wa nyuma vilikuwa vinne, kisha fundi akasimama wima na vijiti vikashuka vyenyewe, kimoja kimoja, na yeye hajainua mguu.

"Inatembea," alinong'ona. "Mama, spika gani inatembea?"

Wakati huohuo spika zote nne zilikohoa, moja baada ya nyingine, kutoka barazani hadi jikoni, na nyuma ya kikohozi ikaja harufu ya udi ambao hakuna mtu aliyeuwasha, harufu nzito ya Alhamisi za zamani, ikiwafuata koridoni mpaka wakajikuta wamegandana ukutani, fundi akiita jina la Yesu na Mwanamvita akisoma kila dua aliyowahi kufundishwa, huku vijiti kwenye simu vikipanda, viwili, vitatu, vinne, vitano.

"Shikamoo fundi," alisema Mariam. Alikuwa amesimama mbele yao na sinia la chai.

Danford alitazama simu, akamtazama mtoto. "Mama," alisema taratibu, "mwambie aende mbali kidogo."

Mariam akaenda hadi sebuleni. Vijiti vikashuka. Akaitwa, vikapanda.

Fundi alikimbilia chumbani akaing'oa ekstenda. Spika nne, zote zilizounganishwa nayo, zikanyamaza na kupotea kwenye simu. Ya tano ikabaki, vijiti vyote vitano, na kaswida ikaendelea palepale ilipokatikia, safari hii kinywani mwa Mariam, kwa sauti ya kikongwe, sinia limetulia mikononi mwake na chai haitikisiki.

Mwanamvita aliogopa. Lakini alikuwa mama. Alitia makaa ya jikoni kwenye kile chetezo, akavunja udi wa mkwewe juu yake, akakaa kwenye mkeka wa mkwewe, akajifunika kanga kichwani.

"Mwache," alisema. "Mimi si damu yako, najua. Lakini damu unayoitaka ilitengenezwa tumboni mwangu na ikanyonya kwangu. Nikalie mimi."

Mtoto aligeuza shingo polepole. "Na Alhamisi?"

"Kila Alhamisi."

"Na halua?"

"Na halua. Mwache mwanangu."

Sinia likaanguka. Mariam akalia, kilio cha mtoto aliyeungua mguu kwa chai, na mama yake hakuwahi kusikia sauti tamu kama hiyo.

Danford alichukua begi lake akaondoka bila kuaga. Getini aliitazama simu mara moja, akaona vijiti vitano vikimfuata nyuma, akageuka. Aliyekuwa amekuja kumfungia geti alikuwa Mwanamvita.

Jioni Abdulswamad alipiga kutoka Ndola. Mariam alikuwa anakula chapati, mguu umepakwa dawa, anacheka na katuni kwenye televisheni. Mwanamvita alimtazama moyo ukajaa, akapokea simu.

"Kwema," alisema. "Mtoto mzima, spika nimezitoa zote. Wewe maliza kazi zako urudi salama." Kisha akakohoa kidogo.

Abdulswamad alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto wa Pangani.

"Mama?" aliuliza.