Kadi Nyuma ya Mlango

Ndugu yangu Idarus alikuwa mvivu. Nalisema mapema, kwa sababu watu wa Jomvu Kuu wakimtaja siku hizi humpamba kana kwamba alikuwa walii, nami ndiye niliyemlea. Sitaki uongo juu ya mtoto niliyemwosha mwenyewe.

Mwaka wa themanini na sita alipata kazi afisi ya afya. Kulikuwa na hofu ya kipindupindu, na vijana walipewa sare za kaki na kadi za kutundika nyuma ya mlango wa kila nyumba, kuanzia kwetu hadi Mikindani. Kwenye kadi waliandika hali ya choo, hali ya maji, na idadi ya watu wanaolala humo. Kazi gani hiyo ya kumshinda mtu? Ingia, tazama, hesabu, tia sahihi, toka.

Lakini kwetu watu hawahesabiwi. Ukiulizwa mko wangapi nyumbani, wajibu, "Tuko wengi, alhamdulillahi," basi. Mama anayetaja idadi ya wanawe anawaitia jicho la husuda. Siku ya kwanza Idarus alirudi na kadi tupu, jua limemchoma, na matusi ya mtaa mzima kichwani. Siku ya pili alirudi saa nne asubuhi, akaomba chai.

"Umeshamaliza?" nilimuuliza.

"Dada Mwanatumu, nimetumia akili."

Nilimtilia chai. Sikuuliza akili gani, na kwa hilo najilaumu mpaka leo.

Kisa kilianza kwa jirani yetu Mwanakheri, mjane aliyekaa peke yake. Alikuja asubuhi moja akicheka, akasema kuna mtu anatumia maji yake ya udhu. Kila akiamka akuta birika nusu, na mto wa pili kitandani umebonyea. Tulimtania kuwa amepata mume wa siri. Wiki ya pili hakucheka tena. Alinishika mkono akanipeleka kwake, akanionyesha kadi nyuma ya mlango. Mwandiko ulikuwa wa ndugu yangu. Walalao: wawili.

"Mwambie aje afute," alininong'oneza.

Nilimwambia Idarus. Aliinuka akaenda akafuta, akaandika mmoja. Kesho yake palisomeka wawili, kwa mwandiko uleule wake. Mwanakheri aliichana kadi akaitia jikoni ikaungua. Adhuhuri ilikuwa msumarini pake.

Halafu ikaja zamu ya Rosalia. Huyu alikuwa mtu wa bara, mpangaji wa nyumba ya nyuma yetu, yeye na mumewe na watoto wawili. Ilikuwa saa saba mchana, wakati watu wamelala na njia haina mtu. Alisikia hodi. Aliingia mtu mzima amevaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi, soksi hadi magotini, kofia ngumu ya kizamani, mikono imejaa chokaa. Hakusalimu. Alisoma kadi, akawatazama mmoja mmoja.

"Kadi yasema watatu," alisema. "Mmoja amezidi."

Rosalia anasema hakuweza kuinuka. Alipoweza, mtoto wake mdogo hakuwapo mkekani. Mkeka ulikuwa na vidole vya chokaa. Tulimtafuta siku tatu, visimani, mikokoni, kila choo. Siku ya nne Rosalia alikuja mlangoni petu akatema mate kizingitini.

"Ni huyu kaka yako aliandika watatu! Alituhesabu lini?"

Nilimkamata Idarus shingoni, mwanamume mwenye ndevu, nikamkandamiza ukutani. Ndipo alipotapika yote. Alikuwa hakuhesabu watu wa nyumba hata moja; alitundika tu kadi zilizokwisha kuandikwa, akatoka. Stoo ya afisi alikuta daftari la wakati wa mkoloni, la mwaka wa tauni, limeandikwa kila nyumba ya Jomvu na watu wake. Alikaa kivulini akanakili hesabu za watu waliokwisha kufa.

Mama yetu alikuwa amelala chumbani, amepooza upande mmoja. Alisikia kila neno. Alituita, akasema polepole, mdomo ukimwelemea.

"Mwaka ule nilikuwa mtoto. Mkaguzi alipita akiuliza idadi, na akina mama wakamtajia pungufu, kwa kuogopa jicho. Alirudi kuhakikisha. Nyumba aliyokuta mtu amezidi, alisema huyo amefichwa kwa ugonjwa. Alimchukua mdogo, akampeleka karantini. Hawakurudi."

"Na sisi, Mama? Bibi alisema wangapi?"

Mama alifumba macho. Nilikwenda mwenyewe nyuma ya mlango. Walalao: watatu.

Tulikuwa wanne. Mama, mimi, Idarus, na binti yangu Johari, miaka sita, ndiye mdogo.

Sikulia. Nilitandika khanga sakafuni nikaanza kutupia nguo za Johari, nimpeleke Bombolulu kwa shangazi yake kabla jua halijageuka. Alale huko mwezi, mwaka, hata aozwe huko. Idarus alikuwa amepiga magoti mlangoni na kalamu, anafuta, anaandika. Anafuta. Anaandika. Jasho lamtiririka.

"Acha," nilimwambia. "Lete viatu vya mtoto."

Nilikuwa nafunga fundo la khanga. Hodi ikapigwa.

Nyumba ilinuka dawa ya choo. Mtu wa kaki alikuwa ameshaingia. Uso wake ulikuwa wa kawaida tu, uso wa karani aliyechoka na watu. Alisoma kadi. Alimtazama Mama kitandani. Alinitazama mimi. Alimtazama Idarus. Akamtazama Johari, akabaki hapo.

"Kadi yasema watatu."

Johari alinishika gauni. Mtu yule alinyoosha mkono wake wa chokaa. Polepole. Hana haraka.

Basi nikahesabu. Mimi, ambaye sijapata kumhesabu mtu maishani mwangu, nilinyoosha kidole.

"Mama, mmoja," nilisema. "Johari, wawili."

Nilijigusa kifua.

"Mimi, watatu."

Nikanyamaza.

Wallahi nilinyamaza. Idarus alinitazama kama alivyokuwa akinitazama akiwa mdogo, nikimwacha chuoni kwa maalim. Aliiweka kalamu sakafuni, taratibu, akasimama. Mkono ulimshika bega. Walitoka pamoja kwenye jua, na nilipofika mlangoni njia ilikuwa tupu.

Watu wanasema alijitoa mhanga. Wanasema alilipa kosa lake. Waache waseme. Hakujitoa. Nilimtoa mimi, na ningeulizwa tena leo ningehesabu vilevile, na ningelia vilevile.

Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyepiga hodi. Tulikuwa watatu, hesabu imetimia. Mwaka wa tisini na saba Mama alifariki. Ilipokwisha arobaini Johari aliolewa Bombolulu. Nikabaki peke yangu na kadi nisiyoweza kuing'oa.

Tangu hapo, kila asubuhi nakuta mikeka miwili imetandikwa sebuleni. Naikunja, naiweka juu ya kabati. Kesho naikuta chini. Wa kwanza unanukia udi, ule wa Mama. Wa pili una chokaa upande wa miguu, na kichwani pamewekwa kalamu. Ni ileile. Niliizika mwenyewe nyuma ya choo.

Nilikuwa naogopa. Siku hizi natia maji birika mbili kabla sijalala.

Juzi Johari alinijia, mimba ya miezi minane, siku zimekaribia. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mama, ndiyo ada, na alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye khanga. Nilimzuia mlangoni. Aliona mikeka nyuma yangu, akacheka.

"Mama, una wageni? Mko wangapi humo?"

"Rudi kwa mumeo, mwanangu," nilimwambia. "Tuko watatu."