Msukule wa Darasa la Tano

Kila Jumamosi, kabla jua halijachoma, Mwantum alikuwa ameshafagia uwanja, ameosha vyombo na kujaza pipa la maji bila kuambiwa. Mama yake, Bi Salha, aliyeuza vitenge sokoni Dodoma, alimtazama akacheka.

"Kumbe gemu nalo lina faida," alisema. "Siku nyingine nakuita mpaka koo linanikauka."

Gemu lenyewe lilikuwa kwa kina Evodia, nyumba ya tatu kutoka kwao. Baba yake Evodia alikuwa karani bungeni. Kaka yake mkubwa, Cornel, alipokwenda chuoni Dar es Salaam aliacha nyumbani mashine ya gemu na rimoti zake mbili. Mwaka ule wa 2003, mtaa mzima ulikuwa na mashine hiyo moja tu.

Mchezo walioupenda ulikuwa wa misukule. Wafu wamefufuka, wamejaa mjini, na wachezaji wawili wanatafuta njia ya kutoka, mlango mmoja baada ya mwingine. Mmoja anashika bunduki, mwenzake anashika tochi. Wa tochi akifa, wa bunduki haoni kitu, na wote kwisha. Evodia alikuwa wa bunduki. Mwantum alikuwa wa tochi.

"Kushoto, Evo! Kushoto! Mwingine huyo nyuma ya jokofu!"

Mama Cornel, yaani mama yake Evodia, alichungulia mlangoni. "Leo mmeua wangapi?"

"Arobaini na mmoja, mama!"

"Haya, naweni mikono mle."

Mwantum hakuwa wa kwanza darasani wala hakuitwa kwenye netiboli. Lakini kwa tochi, nani angemfikia? Pale sebuleni naye alijiona mtu.

Mwezi wa saba akaja Zipora. Alikuwa mtoto wa mjomba wake Evodia, kutoka kijiji kimoja ng'ambo ya Buigiri, ambako shule ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Baba yake alimruhusu aje mjini kwa sharti moja: shule ikimshinda, arudi kuchunga mbuzi. Nyumbani kwao walisema Kigogo. Kiswahili alikijua, ila alikiongea polepole, na kwa kuogopa kuchekwa aliona heri anyamaze.

Jumamosi iliyofuata Mwantum alifika mbio, akamkuta Zipora amekaa mahali pake. Tena ameshika tochi!

"Subiri kidogo, Mwantum," alisema Evodia bila hata kugeuza shingo. "Tunaingia mlango wa saba."

Mlango wa saba! Yeye na Evodia hawajawahi kuuvuka wa tano. Zipora hakupiga kelele. Alinong'ona tu, "Pale," na pale pakawa na msukule kweli.

"Ana macho huyu!" Evodia alishangilia. "Kaa, mtapokezana."

"Mama ananiita," alisema Mwantum. Hakuna aliyemwita. Alitoka kifua kinawaka moto. Wivu jamani, wivu! Usiku alikula matonge mawili tu, akalala akiwa amenuna.

Jumatatu asubuhi wanafunzi walikuwa kwenye foleni ya bomba, kila mmoja na kidumu chake. Msichana mmoja akauliza mbona yule mgeni wa darasa la tano haongei. Mwantum angeweza kujibu kwamba ana haya tu. Lilikuwa jibu jepesi na la kweli.

"Ataongeaje?" alisema, akashusha sauti. "Mmeshamwona ulimi? Msiseme nimesema mimi. Yule ni msukule. Nyumbani anapewa pumba."

Usicheke, msomaji. Wapo watu wanaoamini kwamba mchawi humchukua mtu, akamkata ulimi, akamlisha pumba na kumtumikisha. Neno kama hilo halina mzaha. Kufika mapumziko darasa zima lilikuwa nalo, na kufika saa saba lilikuwa limeingia darasa la saba.

Jumatano walimzunguka Zipora nyuma ya darasa, watoto thelathini kasoro. "Toa ulimi tuone! Toa ulimi!" Zipora alibana midomo, machozi yanamtiririka. Mmoja akammwagia maji. Evodia alipenya akipiga watu viwiko. "Nani kasema? Nani kaanzisha?"

Mwantum alikuwa kwenye duara, nyuma kabisa. Hakusema kitu.

Alhamisi Zipora hakuja shule. Jioni Evodia alimfuata Mwantum, macho mekundu.

"Anafungasha. Mama ameagiza mjomba aje kesho kutwa. Hataki shule tena. Mwantum, wewe unajua maneno, njoo umbembeleze."

Mwantum alikwenda. Zipora alikuwa ameketi juu ya mkeka, anakunja sare.

"Wewe ni mzuri," alimwambia polepole. "Wote walisema nitoe ulimi. Wewe hukusema."

Lo! Heri angempiga kofi. Mwantum alitoka bila kuaga, akamkuta mama yake anachambua mchele, akayamwaga yote kwa kwikwi.

Bi Salha hakumpiga. Aliweka ungo chini, akajifunga mtandio. "Twende."

"Wapi, mama?"

"Ulikouwasha moto."

Mbele ya Mama Cornel, Evodia na Zipora, Mwantum alipiga magoti. "Shikamoo, mama. Ni mimi niliyesema Zipora ni msukule. Nilimwonea wivu."

Mama Cornel hakuitikia upesi. "Marahaba," alisema mwishowe. "Sisi umeshatuambia. Na wale wa shule?"

Basi Ijumaa, mstarini, Mwalimu Generosa, mwalimu wao wa darasa, alimsimamisha mbele ya shule nzima. Alisema lote: bomba, pumba, ulimi, na wivu wa tochi. Wengine walimzomea. Evodia aliangalia chini.

"Na nyinyi mnaozomea," alikemea Mwalimu Generosa, "yeye alisema uongo mara moja. Nyinyi mliurudia siku tatu. Nani kati yenu alimwuliza Zipora jina la kijiji chao?"



Jumamosi baba yake Zipora alifika na basi la asubuhi. Zipora, ambaye Evodia alikuwa ameshamsimulia yote ya mstarini, alimwambia kwa Kigogo kwamba atabaki. Kisha akamgeukia Mwantum, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Nabaki. Lakini sijakusamehe. Siku nikikusamehe nitakwambia."

Njiani wakirudi na mama yake, Mwantum alilia. "Mama, nimekiri mbele ya shule nzima. Mbona bado?"

"Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu," alisema Bi Salha. "Wivu kila mtu anao. Hata mimi, jirani akiuza vitenge vyote siku ambayo mimi sijauza, roho inaniuma. Lakini kuumwa roho si ruhusa ya kumchafua mwenzio. Umekiri, umefanya vizuri. Yaliyomwagika yamekwenda, sasa kazi yako ni kuchota mengine, ndoo kwa ndoo, bila kuuliza lini pipa litajaa."

Jumatatu Zipora alikuwa peke yake kwenye dawati. Bado walikuwapo waliomwogopa. Mwantum alichukua daftari zake, akapita katikati ya darasa, wote wakimtazama, akasimama pale.

"Naweza kukaa?"

Zipora alivuta daftari zake upande wake. Kisha akasogea kidogo.