Ndege Aliyempa Mwenzake Mgongo

"Usivute! Dada, tafadhali, usivute!"

Sauti hiyo ilipita juu ya kelele zote za Jumamosi za soko la Kasulu, wauza dagaa na spika ya sumu ya panya pamoja, ikamfikia Maximilla akiwa amepiga magoti mbele ya duka la nyuzi la Mwanaheri. Mkono mmoja alikuwa amemkamata paka wake shingoni. Kwa mkono wa pili alishika uzi wa kijani uliokuwa ukining'inia mdomoni mwa paka huyo.

"Nisivute vipi, na uzi wangu anaumeza?"

"Ukivuta utamkata utumbo. Achia. Polepole hivyo hivyo."

Aliyesema alikuwa kijana mrefu aliyevaa shati la samawati lililopigwa pasi vizuri, lakini chini alikuwa na buti za mpira zenye matope yaliyokauka. Alichuchumaa mbele ya Maximilla bila kujali vumbi, akamfungua paka mdomo, akachungulia chini ya ulimi.

"Sindano imo?"

"Sindano hii hapa," Maximilla akamwonyesha, imechomekwa kifuani mwa gauni lake la kitenge cha njano. Kijana aliitazama sindano, na kwa kuwa sindano ilikuwa mahali ilipokuwa, akaona haya na kurudisha macho kwa paka haraka. Haya hiyo Maximilla aliiona, ikampendeza.

Mwanaheri alirusha mkasi kutoka ndani ya duka. Kijana akaukata uzi karibu kabisa na mdomo.

"Uliobaki utatoka wenyewe kwa njia yake."

"Njia ipi?"

"Ile ile ya kila kitu."

Mwanaheri akacheka hadi akashika meza. Alikuwa mama wa makamo, wazazi wake walitoka Pangani wakafuata biashara hadi huku kwenye baridi, na kwa miaka mingi alikuwa amewauzia nyuzi wanawake wa Kasulu na kusikiliza siri zao bila malipo.

"Anaitwa nani?" kijana akauliza.

"Bwana Afya. Hakuna sufuria asilolikagua."

"Na wewe?"

"Mimi sikagui masufuria ya watu."

"Nauliza jina, dada."

"Maximilla. Mwalimu Maximilla, darasa la pili."

"Mimi Ildefonsi. Bwana mifugo, Kibondo. Nimekuja kuchukua chanjo. Nipe namba yako. Akitapika au akigoma kula, lazima nijue."

Basi akapewa namba. Watu wengine huanza mapenzi kwa maua. Hawa wawili walianza kwa choo cha paka, na mimi sioni aibu kulisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Haloo, mwalimu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amekula dagaa zangu zote."

"Amekwenda haja?"

"Kaka, ndiyo salamu za Kibondo hizo?"

Siku iliyofuata hakuna kitu, na wasiwasi ukampanda bwana mifugo hata akapiga asubuhi na jioni. Jumatatu, Maximilla alipigiwa simu na mama mwenye nyumba, kisha yeye akampigia Ildefonsi akiwa katikati ya ofisi ya walimu. "Umetoka!" akapaza sauti. "Uzi wote umetoka!" Walimu wote wakaacha kusahihisha na kumtazama.

Jioni simu ikaita tena.

"Mgonjwa si amepona? Sasa unampigia nani?"

"Nampigia mwenye mgonjwa."

Tangu hapo kila chanjo ya wilaya ya Kibondo iliyopaswa kuchukuliwa Kasulu alikuja kuichukua Ildefonsi mwenyewe, hata zile ambazo dereva angetosha. Alikaa katika chumba cha Maximilla, kwenye kochi lililofunikwa kitambaa cha mawaridi yaliyoishia katikati. Mezani palikuwa na tausi asiye na mkia. Ukutani, samaki nusu. Maximilla alidarizi kila jioni baada ya shule, lakini hakumaliza kitu. Alikuwa akifika katikati, rangi nyingine inamwita, anaanza kingine. Mama yake ndiye aliyemfundisha, naye mama alifundishwa na wanawake wa Kirundi kule Mtabila, kambi ya wakimbizi ilipokuwa bado ina watu.

"Kwa nini huuzi?" Ildefonsi alimwuliza siku moja, Bwana Afya akiwa amemlalia mapajani.

"Nikiuza nitaharakishwa. Hapa nani ananiharakisha?"

"Mimi. Nataka kuona mkia wa huyu tausi kabla sijazeeka."

"Zeeka tu, mpenzi. Utapendeza."

"Nikikuoa nitakupeleka Kibondo. Kule baridi ni kali, utakaa ndani, utamaliza vyote."

"Kasulu sihami," akasema Maximilla. "Nina wanafunzi wangu, nina Mwanaheri wangu. Ukitaka wa kukaa Kibondo, kaoe wa Kibondo."

Alisema akicheka. Ildefonsi naye akacheka, lakini alipokuwa ndani ya basi akirudi, aliyakumbuka maneno yale na hakucheka tena.

Sasa, kwao Ildefonsi wana desturi yao, na wameishika tangu babu zao wakiwa ng'ambo ya mpaka. Wazee hawapelekwi kuposa hivi hivi. Kwanza msichana hudarizi foronya mbili, kila moja na ndege mmoja, akazituma kwa shangazi wa mvulana. Shangazi huzitandika kitandani, foronya ya mke upande wa ukutani, ya mume upande wa nje. Ndege wakitazamana, msichana amekubali na wazee waende. Ndege wa ukutani akiangalia ukuta, amekataa, na hapo hakuna wa kumwuliza sababu. Ni njia ya kukataa bila kumtia mtu aibu ya maneno.

"Ndege tu?" Maximilla aliuliza alipoelezwa.

"Ndege tu. Lakini foronya zote mbili, mama. Zimalizike."

"Hizo nitamaliza."

Na kweli alimaliza, mara ya kwanza maishani mwake. Alichora ndege kwenye karatasi, akaibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha na kitambaa juu yake, akanakili kwa penseli mwanga ukipenya. Akadarizi mabawa ya buluu, kifua cha rangi ya udongo, jicho la uzi mweusi. Foronya ilipokwisha, Bwana Afya akaja kuilalia. Maximilla akainyakua, akaifunga kwenye nailoni na kuifungia ndani ya sanduku, isije ikajaa manyoya ya paka kabla ya kufika kwa wakwe. Kisha akachukua karatasi ile ile, akaibandika dirishani vile vile, akaanza ya pili. Ya pili nayo ilipokwisha aliitia ndani ya nailoni nyingine, akafunga bahasha, akampa konda wa basi la Kibondo. Roho yake ilikuwa nyeupe kabisa.

Shangazi Esteri aliupokea mzigo Murungu, huko huko Kibondo, nyumbani kwake. Alikuwa mama mfupi, mkali wa sauti, mjane, aliyemlea Ildefonsi tangu akiwa mdogo. Alinawa mikono kwanza. Akatandika kitanda, akaweka foronya moja ukutani, nyingine nje, akasimama mlangoni kuangalia. Kisha akakaa chini kwenye mkeka.

Ndege wote wawili walitazama upande mmoja. Yule wa nje alimtazama mwenzake. Yule wa ukutani aliutazama ukuta.

Ildefonsi alikuwa vijijini akichanja ng'ombe, kwenye bonde ambako simu haishiki. Alipopanda kilima, simu ya shangazi ndiyo ya kwanza kumpata.

"Yewe, mwana wanje, mwanangu," sauti ya Esteri ilikuwa ya chini. "Foronya zimefika. Kazi nzuri, sijaona nzuri kama ile. Lakini ndege wake ametupa mgongo."

"Masenge," akamwita shangazi yake, "umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia mpaka macho yameniuma."

Kijana alisimama pale kilimani na kisanduku chake cha chanjo. *Kasulu sihami.* Kumbe hakuwa akitania! Aliumia, tena sana, na kama wanaume wengi walioumia akaamua kwamba heshima ni kunyamaza.

Maximilla alipiga jioni.

"Mpenzi wangu, mzigo umefika?"

"Umefika."

"Shangazi kasemaje?"

"Ameona. Wote tumeelewa. Asante."

"Asante tu? Nimetoboka vidole, Ilde!"

"Ulitaka niseme nini zaidi? Ulishaniambia mapema. Mimi ndiye niliyechukulia utani."

"Nilikwambia nini?" Lakini simu ilikuwa imekatwa. Alipopiga tena haikupokelewa, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata.

Basi Maximilla akaamini kwamba shangazi amemkataa. Labda kazi yake haikutosha. Labda walitaka binti anayejua kulima, si mwalimu anayefuga paka. Aliweka sindano kabatini. Jioni alikaa kwenye kochi mikono mitupu, na Bwana Afya, aliyezoea kukimbizwa kwenye nyuzi, alizunguka akilia, hajui afanye nini na uhuru wote ule. Msichana alilia naye. Aliona uchungu zaidi kwa kuwa kitu kimoja tu alichokimaliza katika maisha yake ndicho kilichomletea haya.

Mwanaheri alipoona Jumamosi zinapita bila mteja wake, akafunga duka mchana na kumfuata.

"Shoga, hata uzi wa shilingi mia? Una nini?"

Maximilla akamweleza yote.

"Nionyeshe hizo foronya nione macho yao yalikosea wapi."

"Nilizipiga picha kila moja ilipokwisha." Akampa simu. Mwanaheri akatazama ya kwanza, akasogeza kidole, akatazama ya pili. Akarudi. Akaenda. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Laazizi, hawa ndege mbona wote wanakwenda huku?"

"Huku wapi?"

"Huku! Kushoto! Ulizilaza pamoja hata siku moja?"

Maximilla alimtazama Bwana Afya, aliyekuwa akijilamba mguu bila hatia yoyote. Kisha akakimbilia droo, akatoa ile karatasi. Ilikuwa na alama za gundi kwenye pembe za upande mmoja tu. Hakuwa ameigeuza.

"Mungu wangu," akasema. "Nimemkataa. Nimemkataa kwa mikono yangu mwenyewe!"

"Basi kamkubali kwa mikono hiyo hiyo," akajibu Mwanaheri. "Basi la asubuhi lipo."

Alisafiri na gauni lile lile la njano, sindano kifuani, na paka ndani ya kikapu kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na vifaranga vipya. Kufika Murungu akauliza kwa mama Esteri, akaelekezwa nyumba yenye migomba na mlango wa kijani. Alipiga magoti uani.

"Mwidiwe, mama."

Esteri alimtazama, akatazama kikapu kinacholia, akaelewa ni nani. "Mwidiwe. Binti aliyekataa haji kusalimia. Umefuata nini?"

"Sikukataa, mama. Nilisahau kugeuza karatasi." Akaitoa na kuieleza, dirisha, penseli, nailoni, sanduku, paka. Alieleza yote huku machozi yakimtiririka, na wala hakuyafuta. "Nampenda mwanao. Nipe ile ya ukutani niifumue hapa hapa ukiniona."

Esteri aliingia ndani, akatoka na foronya zote mbili mkononi na simu sikioni. "Njoo nyumbani," alisema kwenye simu. "Hapana, ng'ombe hajambo. Njoo tu."

Pikipiki ya Ildefonsi ilipoingia uani, Maximilla alikuwa mkekani, miguu ameinyoosha, anakata nyuzi za ndege moja moja kwa ncha ya wembe. Hakuinua kichwa.

"Ulikata simu," akasema.

"Nilikata."

"Hukuuliza. Ng'ombe wa watu unawauliza wanaumwa wapi, mimi hukuniuliza."

Ildefonsi alikaa chini na buti zake, mbali kidogo, mahali pa mtu asiyejua kama amekaribishwa. Shangazi alimpa ile karatasi na kumweleza kwa maneno machache. Kijana aliichukua foronya iliyobaki, akaitandaza juu ya goti lake, akaangalia ndege alikoelekea.

"Masenge, kitanda chako ukuta uko kushoto. Kile cha kwangu ukuta uko kulia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kwangu zingetandikwa, wa nje ndiye angempa mwenzake mgongo. Mimi. Na ndivyo nilivyofanya. Nisamehe, Maximilla."

Maximilla alimwangalia sasa. Alikuwa amekonda, na shati halikupigwa pasi. Hasira aliyopanda nayo basi ikawa haina pa kukaa.

"Sogea," akasema. "Unisaidie."

Akasogea, furaha ikimchanganya, akashika uzi wa buluu uliojitokeza kwenye bawa, akauvuta.

"Usivute!" Maximilla akapiga kelele. "Utakikunja kitambaa! Kata, halafu toa polepole!"

Walitazamana. Akaanza kucheka yeye, kisha Maximilla, wakacheka mpaka Bwana Afya akachomoza kichwa kikapuni kuona kuna nini. Shangazi Esteri, asiyejua habari za soko la Kasulu, aliwatazama kama watu waliopatwa na homa.

"Kasulu bado sihami," Maximilla akasema akifuta macho. "Hilo sikutania."

"Najua. Paka hapendi kuhamishwa, atatoroka tu. Nitahamia mimi. Mifugo iko kila mahali." Akamshika mkono, wembe ukiwa bado humo. "Niambie kwa mdomo, mama. Ndege wametutosha. Utanikubali?"

"Nimeshakubali. Tangu ulipoulizia haja ya paka wangu."

Esteri akakohoa. "Na wazee waende lini?"

"Ndege akishageuka, mama."

"Atageuka lini?" Ildefonsi akauliza. "Tausi wako hajapata mkia mpaka leo."

Uzi wa mwisho wa ndege wa zamani ulipotoka, Maximilla alichukua penseli. Aliipeleka karatasi dirishani, akaigeuza, akaangalia, akaikagua tena kuhakikisha, akaibandika, akanakili ndege kwenye foronya. Kisha akachomoa sindano kifuani, akatia uzi mweusi, akaanza na jicho.

"Huyu," akasema, "namaliza kabla sijapanda basi."