Mkalimani wa Picha ya Konwali

Mwaka sabini na sita, jua likizama, tuliteremka Usangu kuonyesha sinema, mimi na Kalinga dereva, Landrova imebeba jenereta. Mke wangu Evarista nilimwacha Uyole, mimba imekomaa. Nilimwambia narudi usiku huo huo. Mimi nikisema narudi, narudi.

Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya shuka ya kuonyeshea picha, na kipaza sauti, kuwaambia watu kwa Kiswahili yanayosemwa kwenye picha. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, na sikumdanganya mtu. Mtu wa kwenye picha akisema "mimi", nami nasema "mimi". Siongezi, sipunguzi.

Mkanda wa siku ile tuliachiwa na Mzungu mpita njia. Alisema una Kiingereza, na lugha ya kale ya kwao Konwali, huko Uingereza. Akaondoka upesi, bila kungoja chai.

Picha yenyewe... Mwanamke ndani ya nyumba ya mawe, katupa mgongo, anakoroga chungu. Upepo. Mlango unagonga. Mwanamke anakoroga. Tena upepo. Tena mlango.

"Huo ugali utaiva lini?" akapaza sauti Bujiku, mfuga ng'ombe mwenye mdomo. "Mwambie aweke chumvi!"

Watu wakaangua kicheko.

"Nimechoka," akasema mwanamke kwa Kiingereza, nami nikatafsiri. Kisha akaingia lugha ile nyingine. Nikanyamaza.

"Bwana mkalimani, umemeza ulimi?" Bujiku tena.

"Lugha hii siijui. Sitawadanganya."

"Sema hata Kiingereza unabahatisha!"

Damu ikanipanda. Nikasogelea shuka nisikilize vizuri. Ikanijia harufu ya moshi... na ya kitu kibichi kinachochemka.

Nikaelewa.

Kila neno. Kama ninavyoelewa Kihehe cha bibi yangu.

"Nani atakaa hapa badala yangu?" nikasema kwenye kipaza sauti.

Bibi Mbuke, ajuza aliyekaa mbele, akanivuta suruali. "Mwanangu," akanong'ona, "anayekuita bila kuonyesha uso haitikiwi."

"Siitiki, bibi. Natafsiri."

Kwenye picha ikajibu sauti ya mwanamume. Mwenyewe haonekani. Nami, kwa hasira na kwa mazoea, nikaitoa kama ilivyo:

"Mimi nitakaa."

Jenereta ikazima.

Picha haikuzima.

Mwanamke akaweka mwiko chini. Akaanza kugeuka... sikio... shavu... Bibi Mbuke akanifunika macho kwa kanga yake. Alipoiondoa, chumba kwenye shuka kilikuwa kitupu. Chungu kinatokota. Mwiko unangoja.

Kisha giza. Watu walikimbia, Bujiku wa kwanza. Njiani taa zetu zilimmulika mwanamke, katupa mgongo, akielekea barabara kuu, mabega yakimcheza kama anayecheka.

"Usimwangalie," akasema Kalinga, akakanyaga mafuta.

Evarista alijifungua salama, mtoto wa kike, Juliana. Mzazi apumzike, jikoni nikaingia mimi. Jioni moja nasonga ugali, upepo ukavuma. Mlango ukagonga. Nikasonga. Tena upepo. Tena mlango. Ugali hauivi. Ukuta wetu wa udongo, mbele ya macho yangu, ukawa wa mawe. Nikataka kugeuka. Shingo ikakataa. Mkono ukakataa kuachia mwiko.

Nyuma yangu, karibu kabisa:

"Mwambie aweke chumvi!"

Na kicheko. Cha watu wengi.

Kisha sauti ya Evarista. "Baba Juliana, unasonga tangu jua lilipozama. Umechoka. Lete mwiko, mimi nita..."

"Nyamaza!"

Nilifoka hadi mtoto akashtuka, akalia. Evarista naye akalia. "Nimekukosea nini?" Kulipopambazuka ndipo mkono ulipoachia.

Sasa ni kila jioni. Nimemkataza kukanyaga jikoni, nimemweleza yote. Anasema ni homa, ni hasira zangu zile zile. Neno lake moja, la kuchukua nafasi yangu, lingenifungua mimi na kumfunga yeye, nalijua hilo. Lakini simtegi mtu, sembuse mama wa mwanangu.

Jua linazama. Upepo umeanza. Namsikia anajifunga mtoto mgongoni... anakuja, na hatua zake ni za mtu aliyekwisha kuamua.