Bomba la Plastiki

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Beverly alifungua mlango wa kichumba kilichokuwa nyuma ya jikoni na kusikiliza makaa ya mawe yakiteremka. Vilikuwa vipande vidogo kama maharagwe. Viliteleza kutoka kwenye kasha kubwa, vikapita ndani ya bomba na kuingia kwenye boila. Akisikia mlio huo, Beverly alijua kwamba maji ya kuoga yana moto na nyumba yao ya Saltley, mjini Birmingham, Uingereza, haitakuwa na baridi. Hapo alimwamsha mdogo wake Mark, akampa uji na kumfunga vifungo vya koti. Beverly alikuwa na miaka kumi na miwili, Mark alikuwa na saba. Kazi hizo zote zilikuwa za mama yao, Zilpah, mpaka alipofariki mwezi wa Septemba.

Mama alikuwa muuguzi. Alipojua kwamba hatapona, alirekodi sauti yake kwenye kaseti, akimsimulia Mark hadithi kwa Kiswahili. Mark alizaliwa Birmingham. Alielewa Kiswahili, lakini ukimsemesha alikujibu kwa Kiingereza, na jambo hilo lilimsumbua sana mama. Baada ya mazishi, baba yao, Barnabas, aliziweka kaseti ndani ya sanduku. Sanduku akalipandisha kwenye rafu ya kichumba cha boila, kwa sababu vyumba vya juu vilikuwa na unyevu.

"Tutazisikiliza," aliwaambia. "Lakini si sasa. Sasa siwezi."

Ijumaa moja ya Januari, baba aligundua kwamba bomba la kupitishia makaa limeliwa na kutu hadi likatoboka. Aliuzima moto wa boila, akalifungua bomba na kulitupa nje.

"Bomba jipya la chuma nitalipata Jumatatu," alisema. "Mpaka siku hiyo mtatumia hita ya umeme. Boila lisiguswe. Umenisikia, Beverly?"

"Ndiyo, Baba."

Kesho yake baba alikwenda kazini Selly Oak, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaacha watoto chini ya uangalizi wa jirani yao, Mzee Gurnam, aliyezaliwa na kukulia Kisumu. Mzee Gurnam alichungulia asubuhi, akawaona wako salama, akarudi kwake.

Mchana hita ilitoa cheche, ikazimika. Baridi ikaanza kuingia. Mark alijikunyata kwenye kochi ndani ya blanketi mbili, na bado meno yake yaligongana. Mlango wa Mzee Gurnam ulikuwa hatua chache tu kutoka kwao. Beverly aliufikiria, kisha akamfikiria mama yake. Mama asingekwenda kusumbua watu, alijiambia. Mama angetafuta njia mwenyewe.

Uani kulikuwa na kipande cha bomba la plastiki la kijivu, kilichobaki walipotengeneza mfereji wa maji ya mvua. Beverly alikijaribu. Upande mmoja kilikaa vizuri kwenye kasha, upande wa pili kikaingia kwenye boila kana kwamba kilikatwa kwa kazi hiyo. Akawasha moto kama alivyomwona baba akifanya. Makaa yakateremka. Baada ya muda, vyuma vya kupashia joto sebuleni vilianza kupata moto, na Mark akatoa mikono yake nje ya blanketi.

"Unaona?" Beverly alisema huku akicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu Septemba.

Walikuwa wakichora picha pale king'ora cha moshi kilipolia. Beverly alikimbilia jikoni. Harufu kali ilimkaba koo. Bomba lilikuwa limelainika na kupinda katikati, makaa yakakwama ndani yake, na moto ulikuwa unapanda kutoka kwenye boila ukilifuata bomba lile kuelekea kwenye kasha. Plastiki ilidondoka chini matone matone, ikiwaka. Beverly alifunga mlango, akamshika Mark mkono, wakatoka mbio na kugonga kwa Mzee Gurnam.

Mzee Gurnam alipiga simu kuita wazima moto. Alipogeuka, Beverly alikuwa anarudi ndani. Alimkamata kwa mikono yote miwili.

"Niache! Sanduku la Mama liko ndani!"

"Hapana, mtoto yangu. Huingii. Moshi ya plastiki ni sumu, itakuua."

"Sauti yake iko mle! Niache!"

Hakumwachia.

Wazima moto waliokoa nyumba. Kilichoteketea ni kichumba cha nyuma na vyote vilivyokuwa ndani yake. Baba alipofika, alipekua majivu yaliyolowa mpaka akapata bonge jeusi la plastiki, dogo kama ngumi, mabaki ya zile kaseti. Aliketi kwenye kizingiti cha jikoni akiwa amelishika.

"Ni mimi, Baba," Beverly alisema. "Nilifunga bomba la plastiki. Mark alikuwa anatetemeka."

Baba aliendelea kulifuta majivu lile bonge. Beverly angeona afadhali agombezwe.

Mark alisogea, akalitazama lile bonge. Kisha akauliza, kwa Kiswahili cha kusitasita, "Mama alisema nini humo?"

"Sijui, mwanangu," baba alisema. Uso wake ulikunjamana. "Sikuwahi kusikiliza." Akasimama, akatoka nje, nao wakamsikia akilia uani.

Walilala kwa Mzee Gurnam mpaka nyumba ilipotengenezwa. Baada ya hapo baba alimchukua Beverly hadi duka la vifaa vya ujenzi karibu na barabara ya Alum Rock. Mwenye duka, Bi Raksha, aliwapangia mabomba juu ya kaunta.

"Chagua wewe," baba alimwambia Beverly. "Na useme kwa nini."

Beverly alilisukuma la plastiki kando. Akagusa la alumini.

"Hili ni jepesi, lakini karibu na moto mkali hulainika," Bi Raksha alisema.

"Na hili linalong'aa?"

"Limepakwa zinki. Likipata joto kali hutoa moshi mbaya."

Beverly alilinyanyua bomba jeusi la chuma nene. Lilikuwa zito. Alipitisha kidole ndani yake. "Hili haliyeyuki. Ndani ni laini, makaa hayatakwama. Na limenyooka."

"Na kasha liwe na mfuniko unaobana, moto usivute hewa kutoka juu," Bi Raksha aliongeza.

Fundi wa boila alilifunga bomba, akakagua kila kiungo, akaondoka. Makaa yakaanza kuteremka. Beverly na baba yake waliketi jikoni wakiyasikiliza.

"Ulimwonea huruma mdogo wako, na hilo silikasirikii," baba alisema. "Lakini plastiki haijui kwamba una nia njema. Ikipata moto itayeyuka tu. Kitu cha moto hakijaribiwi. Unauliza kwanza anayejua, na nikikukataza, unanisikia."

"Nilitaka kufanya kama Mama. Yeye hakuomba msaada."

Baba alitikisa kichwa. "Mama yako aliomba msaada kila siku, Beverly. Kwa madaktari, kwa Mzee Gurnam, kwangu. Wewe ni mtoto, hukuona. Mimi ndiye niliyenyamaza na huzuni yangu, nikakuachia kazi za mtu mzima. Hilo ni kosa langu. Siku nyingine jambo likikushinda, gonga mlango. Hata uwe umegonga mara mia, gonga tena."

Beverly alianza kulia. Safari hii baba hakutoka nje. Alivuta kiti chake karibu, akamshika begani, akakaa naye mpaka kilio kilipokwisha.