Mabaka Yaliyohama

Sekunde tisa tu! Pete ya mwanga ilimshukia Sefania Chilongani kutoka utosini hadi visiginoni, bila kumvua hata kofia, na sauti tamu ikatangaza: "Hongera. Huna ukoma."

Hicho ndicho kikaguangozi, fahari ya Dodoma ya mwaka 2094, na Daktari Nyamizi Kasubi aliyekibuni hakuona haya kukisifu. Vimelea vya ukoma hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi: masikio, pua, viwiko, matako, magoti. Makwapani na katikati ya mgongo ni joto mno kwao, kwa hiyo mashine iliziruka sehemu hizo. Ya nini kupiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu?

"Mara ya tatu hii naambiwa sina," Sefania alisema. "Mbona jana nimeungua, daktari, nisijue mpaka niliposikia harufu?" Alinyoosha kidole chenye lengelenge. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mikono hiyo ndiyo iliyomlisha.

"Vua shati, kaka. Nikutazame kwa macho yangu."

Ndani alivaa fulana-baridi, kama kila afanyaye kazi juani tangu joto la jiji lianze kuua watu miaka kumi na tano iliyopita. Mirija yake ya maji baridi ilipita katikati ya mgongo na kuzunguka makwapa. Alipoivua, Nyamizi aliona mabaka yaliyopauka, yamejipanga palepale mirija ilipopita. Aliyagusa kwa pamba. Sefania hakuhisi kitu.

"Yamefuata mirija! Tumehamisha ubaridi, nayo yakahama!" Nyamizi alirukaruka kama mtoto aliyefaulu mtihani. "Kaka, vitabu vyote vitaandikwa upya!"

Sefania alisubiri atulie. "Dawa ipo?"

"Ipo! Vimelea vitakufa vyote."

"Na vidole?"

Furaha ikamtoka Nyamizi. Mishipa ya fahamu iendayo mikononi hupita kwapani, na hii ilikuwa imekwishaharibika. "Ungeanza dawa mwaka juzi, vingepona. Sasa sidhani. Nisamehe sana, kaka."

"Mwaka juzi mashine yako ilinipongeza."

Sefania alilichukua shati lake. Kisha akasema, "Karakana yetu ina watu mia mbili, wote wanavaa fulana hizi. Nifundishe kupima. Macho yangu hayajafa ganzi."

Nyamizi akamwekea pamba kiganjani. Ilibidi Sefania aangalie ndipo ajue kwamba ameishika.