Vitamini za Kocha

"Tangu mwezi wa tatu hajanigusa."

Meseji hiyo niliisoma kwenye simu ya mke wangu. Haikutumwa kwangu...

Chini yake kulikuwa na nyingine.

"Akirudi kazini anajitupa kwenye kochi. Juzi nimemkuta analia bafuni. Naomba unisaidie."

Jamani! Siri ya chumba changu iko kwenye simu ya mtu aliyehifadhiwa kwa herufi moja tu: D.

Nikaingia jikoni na simu mkononi.

"D ni nani?"

Kijiko kikamdondoka.

"Mume wangu, ngoja nikueleze..."

"Nimeuliza D ni nani!"

"Daktari."

Nikacheka kwa hasira. "Daktari wa nini? Wa kukuliwaza?"

Ndugu zangu, sitawaficha. Nilimwita malaya. Mke wangu wa ndoa ya miaka minne!

Hakulia. Alizima jiko, akafuta mikono, akanitazama usoni.

"Kesho saa moja asubuhi kuna miadi kwake. Jina nililoandikisha ni lako, si langu. Usipokwenda, mimi naondoka."

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Milango, madirisha, mageti. Kuna jamaa mtaani kwetu ana jimu, kila mtu anamwita Kocha. Tumekua pamoja, tukavaa viatu kwa zamu. Ndiye aliyenisimamia kwenye harusi.

Miaka miwili iliyopita akaniita pembeni.

"Fundi, mwili unao, umekosa kichocheo tu. Kuna vitamini nawachoma wanangu. Nipe wiki sita."

Na kweli bwana! Kifua kikajaa. Mashati yakabana. Geti la kubebwa na watu wawili nikawa naliinua peke yangu huku napiga mluzi.

Halafu mwezi wa tatu mwaka huu Kocha akaniambia mzigo wa vitamini umekatika.

"Pumzisha mwili kwanza," akasema.

Hapo ndipo nilipozimika.

Kuamka asubuhi ikawa vita. Nasahau vipimo vya mteja, nakata chuma kifupi mara mbili kwa siku moja. Nimekaa kivulini, jasho linanitiririka. Mteja akiuliza tu "geti langu lini?" nataka kulia. Chuchu zikavimba na kuuma kama za binti anayevunja ungo, nikawa navaa koti juani!

Na hamu... hamu iliondoka bila kuaga. Mke wangu akinigusa bega, najifanya nimesinzia.

Na hapo mwaka mzima tulikuwa tunatafuta mtoto. Mama yangu anapiga simu kila Jumapili.

"Huyo mwanamke wako atazaa lini?"

Nami najibu, "Tumwombee, mama."

Tumwombee! Utadhani mgonjwa ni yeye.

Basi, asubuhi ile nikaenda. Moyoni nimejiandaa kukunja mtu shati. Mlango ukafunguliwa... D ni mama mtu mzima, miwani imeshuka hadi puani, ananiita "mwanangu". Nikatamani nitokee dirishani!

Alinitoa damu siku mbili tofauti, zote asubuhi, na mbegu zangu zikapimwa. Majibu yalipotoka akavua miwani.

"Homoni yako ya kiume, testosteroni, iko chini mno kwa mtu wa miaka thelathini na minne. Na mbegu hazionekani kabisa."

Nikashika ukingo wa meza.

"Mwanangu, nani amekuwa akikuchoma sindano?"

"Ni vitamini tu, daktari..."

"Hizo si vitamini. Ni homoni zenyewe. Mwili ukiletewa za nje, unaacha kutengeneza zake. Za nje zikikatika, unabaki mtupu."

Mnajua nilichowaza? Nilimwonea huruma Kocha! Nikasema masikini, naye kadanganywa na wanaomuuzia. Nikimaliza hapa nakwenda kumwonya.

Nikafungua mlango wa kutokea.

Kocha huyo hapo kwenye benchi! Kofia kaishusha hadi kwenye nyusi.

"Kocha! Afadhali nimekuona, zile sindano..."

"Nimemsindikiza mjomba," akanikata kauli.

Muuguzi akachungulia. "Kocha, kadi yako imejaa tena. Tumekufungulia nyingine, ya tatu hii."

Mjomba hakuwepo.

Nikamvuta nje, nyuma ya jengo.

"Unatibiwa nini?"

"Kama wewe."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

Mimi sindano yangu ya kwanza ina miaka miwili. Piga hesabu mwenyewe, msomaji.

"Kwa hiyo ulijua unachonichoma?"

Akatazama viatu vyake.

"Nilijua."

"Kwa nini, Kocha?!"

"Matibabu yangu angelipa nani? Na ningewaambia ukweli, jimu angebaki nani?"

"Ulinisimamia kwenye harusi yangu!"

"Najua, fundi."

Nikakunja ngumi. Nikaikunjua. Hata nguvu za kumpiga aliyenimaliza sikuwa nazo!

Jioni ile nikaenda jimu. Nilikuta wanaume tisa wananyanyua vyuma. Nikavua koti, nikavua na shati.

"Chuchu hizi mnazoziona zimevimba kwa zile sindano, na jasho linanitiririka hata kivulini. Na kitandani mimi ni gogo."

Mmoja akacheka.

Kisha muuza nyama wa pale sokoni akatua chuma chini, taratibu.

"Na mimi jasho hilo linanitoka," akasema.

Wanne walikwenda kupimwa wiki ile. Jimu sasa ina kufuli, Kocha kahama mtaa. Sijamsamehe, sitawadanganya.

Lakini kazi ngumu ilikuwa Jumapili. Simu ya mama ilipoita nikaweka spika, mke wangu akiwa mbele yangu.

"Mama, tatizo la mtoto liko kwangu."

"Nani kakwambia?"

"Vipimo. Na mwaka mzima nimekuacha umseme mke wangu, nami nimenyamaza."

"Mpe simu," mama akasema.

Mke wangu akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Waliongea nini, sijui. Alitoka macho mekundu, akanirudishia simu, akaniambia, "Mama anasema uwe unakula vizuri."

Sasa ni mwezi wa saba wa matibabu. Nguvu zinarudi kidogo kidogo. Mtoto daktari hajaniahidi, anasema tusubiri.

Wanaume wenzangu, mwili ukizima usijifiche ndani ya koti, wala usikimbilie sindano ya mtaani. Nenda ukapimwe. Na kama mkeo amebeba lawama yako, mtue leo.

Mke wangu ameisoma hii kabla sijaipandisha mtandaoni. Kafuta sentensi moja tu, ile niliyokuwa nimemsifia.

Kasema, "Hiyo niambie mwenyewe."